Shajara ya mradi: wiki kumi za kuhesabu mayai ya kichocho

Kabla ya safari

Lengo ni kupima dawa ya prazikwanteli inapunguza kwa kiasi gani mayai ya Schistosoma mansoni, yaani kichocho cha tumbo, kwa wanafunzi wa shule mbili za msingi zilizo kando ya ziwa. Kazi inafanywa na mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyetoka nchi nyingine kwa likizo ya chuo, pamoja na wasomaji wanne wa hadubini wa maabara mwenyeji. Muda wote ni wiki kumi.

Ratiba tumeipanga kutoka mwisho kuja mwanzo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto apimwe tena kati ya siku ya 14 na ya 21 baada ya kumeza dawa. Ukiwahi, unakuta mayai yaliyonasa kwenye kuta za utumbo bado yanatoka ingawa minyoo iliyoyataga imekwisha kufa. Ukichelewa, minyoo michanga ambayo prazikwanteli haiwezi kuiua inakuwa imekomaa na kuanza kutaga, na dawa inaonekana imeshindwa. Kwa hiyo shule ya kwanza inapimwa Jumatatu na Jumanne ya wiki ya 3, dawa inatolewa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, na kipimo cha pili ni Jumatatu na Jumanne ya wiki ya 6, siku ya 17 na ya 18. Shule ya pili inafuata wiki moja nyuma yake. Ikipotea wiki moja mwanzoni, muda wa kurudisha majibu kwa wazazi ndio unaoliwa, na hilo hatutaki litokee.

Karatasi zote lazima ziwe mkononi kabla ya tiketi kununuliwa: kibali cha maadili cha chuo anakotoka mwanafunzi, kibali cha maadili cha nchi mwenyeji, barua za mamlaka ya elimu na ya afya, na mkataba wa kuhamisha sampuli. Mkataba huu wengi huukumbuka mwishoni. Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa yaliyoanza kutumika mwaka 2014, inagusa rasilimali za kijenetiki, na konokono na vimelea vinaweza kuingia humo. Bila mkataba, sampuli hazivuki mpaka hata kama zimekaushwa vizuri namna gani. Kwa watoto kunahitajika vitu viwili tofauti: ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Mzazi akikubali na mtoto akakataa, jibu ni hapana.

Wiki ya 1: kuandaa vifaa

Njia ya kuhesabu ni Kato-Katz: Kato aliianzisha Japani mwaka 1954, na Katz na wenzake wakaiboresha Brazili mwaka 1972 kwa kuongeza kipimo chenye tundu. Bado ndiyo inayotumika karibu kila mahali penye kichocho cha tumbo, kwa sababu haihitaji umeme mwingi wala kitendanishi cha bei.

Mchanganyiko wa kulowekea selofani: mililita 100 za gliserini, mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, na mililita 1 ya rangi ya malakaiti ya kijani yenye nguvu ya asilimia 3. Selofani inakatwa vipande vya milimita 30 kwa 35 hivi na kulowekwa kwa saa 24 au zaidi. Tumeanza Jumatano ili Ijumaa tupate za kujaribia.

Templeti, yaani vile vipimo vyenye tundu, zimekaguliwa moja moja kwa rula ya vernia, kwa sababu sanduku la maabara lilikuwa na za aina mbili. Yenye tundu la kipenyo cha milimita 6 na unene wa milimita 1.5 inabeba miligramu 41.7 za kinyesi, na mayai yaliyohesabiwa yanazidishwa kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Yenye tundu la milimita 9 na unene wa milimita 1 inabeba miligramu 50, na unazidisha kwa 20. Kwa macho zinaweza kupita kama ndugu. Ukitumia ya miligramu 50 halafu ukazidisha kwa 24, kila hesabu inapanda kwa asilimia 20, na hakuna dalili yoyote kwenye jedwali itakayokustua. Za miligramu 50 zimefungiwa kwenye kabati jingine na sanduku limeandikwa kwa rangi nyekundu.

Wiki ya 2: mazoezi, na kosa la kwanza

Hatua tunazofuata kwa kila slaidi, yaani kioo chembamba cha hadubini, ni hizi. Weka kinyesi kidogo, kama ukubwa wa harage, juu ya kipande cha plastiki. Bandika wavu wa nailoni juu yake na ubonyeze ili kilicho laini kipenye. Kwangua juu ya wavu kwa kijiti bapa, jaza tundu la templeti iliyolazwa katikati ya slaidi, sawazisha, kisha inua templeti wima bila kuiburuta. Funika kwa selofani iliyolowekwa, futa gliserini iliyozidi, pindua slaidi juu ya kigae laini na ukandamize kwa nguvu moja mpaka kinyesi kitandazike sawasawa. Unapoitoa slaidi, itelezeshe pembeni. Ukiivuta juu, selofani inabaki kwenye kigae.

Slaidi nzuri ukiiweka juu ya gazeti baada ya nusu saa au zaidi unasoma maandishi yaliyo chini yake. Za Alhamisi hazikusomeka, zilibaki za kahawia nzito hata baada ya saa nzima. Chanzo kilikuwa selofani: zile za saa 24 zilikwisha asubuhi, na nyingine zikaingizwa kwenye mchanganyiko mchana na kutolewa baada ya saa sita. Gliserini haikuwa imeingia ndani yake ya kutosha, na gliserini ndiyo inayofanya kinyesi kiwe angavu. Tangu siku hiyo kuna makopo matatu yaliyoandikwa siku na saa ya kulowekwa, na kopo ambalo halijatimiza saa 24 halifunguliwi.

Mafunzo ya kutambua mayai yalichukua siku mbili na yalistahili. Yai la S. mansoni ni kubwa, mikromita 114 hadi 180 kwa urefu, lenye mwiba ubavuni. Likilala vibaya mwiba unajificha, kwa hiyo msomaji anagonga selofani polepole kwa ncha ya kalamu ili lijigeuze. S. haematobium, mwenye mwiba nchani, ni wa kichocho cha mkojo, ila mara chache huonekana kwenye kinyesi pia na lazima aandikwe peke yake. Yai la minyoo ya safura ni dogo, mikromita 60 hadi 75, ganda lake jembamba kama povu la sabuni. La minyoo mjeledi lina umbo la pipa lenye vizibo viwili. Lenzi ya mara 10 inatosha kutafuta. Ya mara 40 ni ya kuthibitisha tu.

Wiki ya 3: shule ya kwanza

Watoto 60, vinyesi viwili vya siku mbili tofauti, slaidi mbili kwa kila kinyesi, kwa hiyo slaidi nne kwa mtoto. Sababu ya siku mbili ni kwamba mayai hayatoki kwa kiasi kile kile kila siku, na katika kinyesi kimoja hayajasambaa sawasawa. Kwa slaidi moja, yai moja ni mayai 24 kwa gramu. Aliye na chini ya hapo mara nyingi anaandikwa mzima huku anaumwa.

Majina ya makopo yaandikwe kwenye mwili wa kopo, kamwe si kwenye kifuniko. Watoto huvua vifuniko kumi kwa pamoja na kuvirudisha vyovyote. Karatasi ya gundi nayo inabanduka kwa unyevu, hivyo tunatumia kalamu isiyofutika.

Sasa jambo lililotusumbua zaidi katika mradi wote. Mayai ya safura hayavumilii gliserini: ganda lake jembamba linaangazwa mno na baada ya kama saa moja yai halionekani tena. Mayai ya kichocho ni kinyume chake. Yanasomeka vizuri hata baada ya saa 24, na slaidi zilizohifadhiwa vyema hudumu miezi. Kwa hiyo slaidi moja inasomwa mara mbili: safura kati ya dakika ya 30 na ya 60, kichocho kesho yake.

Hesabu ya saa ndiyo hii. Msomaji mmoja anahitaji kama dakika saba kwa slaidi akitafuta safura tu. Wasomaji wanne kwa dakika 28 wanamaliza slaidi 16. Kinyesi cha watoto 60 kinatoa slaidi 120 kwa siku, sawa na makundi manane, na kundi jipya linaanza kila baada ya nusu saa. La kwanza linatengenezwa saa tatu kamili asubuhi na kuanza kusomwa saa tatu na nusu. La mwisho linatengenezwa saa sita na nusu na kumalizika kusomwa saa saba na nusu mchana. Waandaaji ni wawili na hawaruhusiwi kuwatangulia wasomaji. Mtu mwenye bidii akitengeneza slaidi 40 kwa mkupuo anaharibu 24.

Jumatatu umeme ulikatika saa nne kasoro robo na hadubini zilisimama kwa saa mbili. Waandaaji waliendelea. Umeme uliporudi, slaidi zote zilizosubiri zilisomwa na kuandikwa sifuri kwa safura. Jumanne, vinyesi vya watoto wale wale vilionyesha mayai ya safura kwa wengi wao. Sifuri zile hazikuwa sifuri za kweli, na tuliweza kulijua hilo kwa sababu moja tu: kila slaidi ina saa ya kutengenezwa iliyoandikwa pembeni, na fomu ina saa ya kusomwa. Slaidi hizo za Jumatatu zimewekwa alama ya “haikusomwa” kwa safura, wala si “hasi”. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo ubora wa data yote. Hadubini moja yenye kioo cha kuakisi mwanga wa jua imewekwa dirishani, na kanuni mpya ni kwamba umeme ukikatika, uandaaji unasimama papo hapo, na makopo yanarudi kwenye boksi la barafu.

Ijumaa: dawa. Prazikwanteli ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Mtoto wa kilo 30 anapata miligramu 1,200, sawa na vidonge viwili vya miligramu 600. Kwenye ugawaji wa shule nzima mizani inachelewesha, na kijiti cha urefu kinatosha: sentimita 94 hadi 110 ni kidonge kimoja, hadi 125 ni kimoja na nusu, hadi 138 ni viwili, hadi 150 ni viwili na nusu, hadi 160 ni vitatu. Kwa watoto wa utafiti tulitumia mizani, kwa kuwa dozi ndiyo inayopimwa. Kidonge kimoja cha albendazoli, dawa ya minyoo ya tumbo, cha miligramu 400 kilifuata.

Watoto wale kwanza, na chakula chenyewe kiwe cha kushiba. Prazikwanteli kwenye tumbo tupu inaleta kichefuchefu na maumivu ya tumbo, na mwili unaifyonza vibaya. Mwenye mayai mengi huumwa tumbo zaidi, hivyo mwambie mapema yeye na mwalimu wake. Kidonge ni kichungu sana, kimezwe bila kutafunwa. Anayetapika anaandikwa pamoja na dakika aliyotapika. Msimamizi anaangalia mdomo baada ya kumeza, kwa upole, kwa sababu kidonge kilichofichwa shavuni kinaonekana wiki tatu baadaye kama usugu wa dawa.

Wiki ya 4: shule ya pili, na kuangua mirasidia

Shule ya pili ilikwenda vizuri, makundi manane kila siku bila kuchelewa.

Kwa watoto wenye mayai mengi, kinyesi kilichobaki kilitumika kupata mirasidia, yaani viluwiluwi wanaoanguliwa kwenye mayai, kwa ajili ya jenetiki. Kinyesi kinaoshwa kwa kupitishwa kwenye machujio, kikiwa ndani ya maji ya chumvi ya asilimia 0.85. Chumvi inazuia mayai yasianguliwe kabla ya wakati. Ukitumia maji matupu kuosha, yanaanguliwa kwenye ndoo na kumwagwa. Mayai yakishakuwa safi unaondoa chumvi, unaweka maji matamu yasiyo na klorini, na unayapeleka kwenye mwanga. Mirasidia huonekana kama vumbi jeupe linaloogelea kwa mstari ulionyooka. Kila moja inafyonzwa kwa pipeti katika maji ya mikrolita 3 hadi 5, inaoshwa katika maji safi mara mbili, na kutuliwa kwenye kadi ya FTA, karatasi maalumu ya kuhifadhi DNA. Kadi ikikauka haina haja ya friji wala pombe, na ndiyo maana tunaipenda kuliko ethanoli, ambayo kwa ndege ni mzigo unaoshika moto na una masharti yake.

Wiki ya 5: konokono

Vituo sita vya kuchotea maji na kuogea, dakika 15 kila kimoja, watu wawili wenye nyavu za mkono. Dakika zinahesabiwa kwa saa ili vituo vilinganishwe. Ukitafuta “mpaka utosheke”, kituo chenye konokono wengi utakipa muda mfupi.

Biomphalaria, anayebeba S. mansoni, ni bapa kama kamba iliyokunjwa. Bulinus, konokono wa kichocho cha mkojo, ana ncha. Mshike ncha ikiwa juu na mlango ukikutazama: mlango ukiwa kushoto ni Bulinus, wengi wa konokono wengine wa majini mlango wao uko kulia.

Kila konokono amewekwa kwenye kishimo chake katika sahani ya vishimo 24, akalazwa gizani usiku, kisha akawekwa kwenye mwanga tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, muda ambao serkaria wa S. mansoni, viluwiluwi wanaotoka kwa konokono na kumwambukiza mtu, hutoka kwa wingi. Sahani ya kwanza konokono wote walikufa. Maji yalikuwa ya bomba, na klorini inaua konokono na serkaria pia. Sasa tunatumia maji ya ziwa yaliyochujwa kwa karatasi. Serkaria wa kichocho wanatambulika kwa mkia uliogawanyika kama uma, ingawa spishi nyingine zisizomdhuru binadamu nazo zina mkia wa namna hiyo, kwa hiyo mkia peke yake hautoshi bila PCR, yaani kipimo cha DNA. Asiyetoa serkaria leo si lazima awe mzima: tangu mirasidia aingie hadi serkaria watoke ni wiki nne au zaidi. Waliobaki hai wamehifadhiwa wapimwe tena wiki ya 9.

Viatu vya mpira hadi kwenye paja na glavu ndefu ni lazima. Serkaria wanapenya ngozi kwa dakika chache tu. Katika kituo cha tatu maji yaliingia ndani ya kiatu cha mwanafunzi wa uzamili. Mguu ulikaushwa kwa taulo kwa kusuguliwa na kupanguswa kwa pombe ya asilimia 70 papo hapo. Tukio limeandikwa kwenye daftari la usalama pamoja na tarehe.

Wiki ya 6 na ya 7: kipimo cha pili

Utaratibu ni ule ule, saa zile zile, wasomaji wale wale. Msomaji haoni hesabu ya kwanza ya mtoto. Akijua mtoto alikuwa na mayai mengi atatafuta zaidi, na akijua dawa imetolewa atategemea sifuri.

Watoto wachache hawakuwapo shuleni. Wamefuatwa nyumbani mpaka siku ya 21, si zaidi ya hapo.

Wiki ya 8: kusoma upya na kukokotoa

Asilimia 10 ya slaidi za kichocho, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, zimesomwa upya na msomaji mwandamizi. Tofauti inakubalika ikiwa si zaidi ya mayai 10 pale hesabu ilipo 100 au chini, au si zaidi ya asilimia 20 pale ilipozidi 100. Hasi dhidi ya chanya daima inarudiwa. Safura haiwezi kukaguliwa hivi, kwa sababu mayai yake hayapo tena. Tuliikagua siku ile ile kwa wasomaji wawili kupeana slaidi kabla ya dakika ya 60.

Uzito wa maambukizi ya S. mansoni: mayai 1 hadi 99 kwa gramu ni mepesi, 100 hadi 399 ni ya wastani, 400 na kuendelea ni mazito.

Upungufu wa mayai unakokotolewa kwa wastani wa kawaida wa watoto waliokuwa na mayai mwanzoni. Mfano wa karatasini: watoto watatu wana 24, 48 na 960, wastani 344. Baada ya dawa wana 0, 0 na 72, wastani 24. Upungufu ni asilimia 93, na Shirika la Afya Duniani linaitazama prazikwanteli kuwa ya kuridhisha ikifika 90. Lakini waliopona kabisa ni wawili kati ya watatu. Ukiripoti tarakimu ya pili peke yake utawatisha watu bure. Ukiripoti ya kwanza peke yake utamsahau mtoto wa 72, ambaye bado anapeleka mayai ziwani. Ripoti ina zote mbili.

Wiki ya 9: majibu yanarudi

Wazazi wamekuja shuleni, majibu yametolewa kwa kila mmoja faraghani, kwa lugha wanayoitumia nyumbani. Kila mtoto aliyekutwa bado na mayai amepewa dozi nyingine na mhudumu wa afya. Walimu wamepewa ramani ya vituo sita vya maji, vile vyenye konokono vikiwa vimepigwa alama.

Konokono waliohifadhiwa wamepimwa tena kama ilivyopangwa.

Wiki ya 10: kufunga

Nakala za data ni mbili, moja inabaki kwa maabara mwenyeji pamoja na slaidi zote na nusu ya kadi za FTA. Vinyesi vimechomwa kwenye tanuri la taka za hospitali. Kadi zinazosafiri zimefungwa kwenye mifuko yenye chembe za kufyonza unyevu, mkataba wa kuhamisha sampuli ukiwa juu.

Linabaki jambo moja kwenye daftari la usalama: mguu wa kituo cha tatu. Kumeza prazikwanteli sasa huenda kusisaidie, kwa kuwa minyoo kama ipo inaweza kuwa ingali michanga, na kupima sasa kunaweza kutoa hasi ya uongo. Inabidi zipite wiki sita hadi nane tangu maji yalipogusa ngozi. Maji yaligusa wiki ya 5. Miadi ya kupimwa kinyesi na damu imewekwa wiki ya 13, kwenye kliniki ya chuo.